Kilio Nilichomlilia Edina

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumatano, muuguzi alinipigia simu kunijulisha kwamba mama amefariki. Nilimshukuru, nikauliza mwili utatolewa lini na ni karatasi gani zinahitajika, kisha nikakata simu na kuanza kutoa viti sebuleni. Nilianza na kochi dogo kwa sababu ndilo lililoziba njia. Makochi mawili makubwa nilisaidiwa na jirani. Ikafuata meza ya kioo, halafu nikaishusha televisheni ukutani, nikaipeleka chumbani na kuifunika shuka. Wanawake wangefika muda si mrefu na wangehitaji sakafu tupu ya kutandika mikeka na magodoro. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akitokwa machozi. Alinitazama nikipita na kurudi, mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Baba Lusungu, wewe hulii?" Nikamjibu kwamba watu wanakuja, hawana pa kukaa. Nilipokwisha kusema hivyo nilisimama na mto wa kochi mkononi, kwa sababu maneno hayo hayakuwa yangu. Nilikuwa nimeyasikia kwa mwanamke mmoja anayeitwa Edina, Tunduma, ndani ya kibanda cha video, siku ambayo mimi nilikuwa nimemnyang'anya kazi yake mbele ya watu. Nilitoka uani nikakaa juu ya kochi lililowekwa kwenye jua kali. Waliokuja kunipa pole walidhani nimezidiwa na msiba wa mama. Sikuwasahihisha.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa; tulihesabiwa watu wa Mbeya, na malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yanajipanga barabarani siku tatu, nne, hata wiki, kwa hiyo Tunduma ilikuwa imejaa wanaume wasio na la kufanya mchana. Kibanda cha Mama Zawadi kiliishi kwa wanaume hao. Kilikuwa na kuta za mbao, paa la bati, mabenchi tisa, na mablanketi mazito yaliyopigiliwa madirishani kuzuia mwanga. Mbele kulikuwa na televisheni juu ya kreti la soda, na pembeni yake kiti changu, kipaza sauti na amplifaya iliyopata moto kiasi cha kupashia chapati. Watu waliniita DJ, na kazi yangu ilikuwa kutafsiri sinema. Nilipunguza sauti ya sinema yenyewe, kisha nikasema mimi maneno ya kila mtu: shujaa, adui, polisi, bibi kizee, mchumba. Kihindi sikukijua, Kichina sikukijua. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi iliyopoteza jalada na vitabu vya mafundi redio. Kila sinema niliitazama asubuhi nikiwa peke yangu, mara mbili, na pale nisipoelewa nilitunga. Watu walinijua zaidi kwa kulia. Nililia kama mama aliyefiwa, kama msichana aliyeachwa, kama mzee aliyefukuzwa na mwanawe, na madereva waliambiana, "Twende kwa Yona akatulilie." Nilikuwa na kanuni moja niliyofundishwa na Mama Zawadi siku ya kwanza: aliyelipa kiingilio hakulipa asikilize malori yaliyoko nje. Nisiache kimya. Nikajizoeza kujaza kila pengo, na baada ya miaka miwili nilikuwa siwezi kuona mdomo uliofungwa kwenye kioo bila kuutafutia maneno.

Nyuma ya pazia, Mama Zawadi alikuwa na jiko. Sehemu ya mshahara wangu ilikuwa chakula: ugali na maharage mchana, wali Jumamosi, chai ya tangawizi wakati wowote. Mezani pale ndipo nilipomfahamu Edina. Alikuwa mwanamke wa Mlowo, mrefu, wa miaka thelathini hivi, aliyechambua kahawa kiwandani kila msimu. Kwenye michezo ya Pasaka kanisani kwao alikuwa akipewa sehemu za wanaume kwa sababu ya urefu wake. Festo, kijana wa Vwawa aliyerekodi harusi kwa kamera yake, alimwona huko. Festo alikuwa ameandika tamthilia ya sehemu kumi na tatu kuhusu mke wa dereva wa lori anayeishi mpakani, ambaye mumewe anafia Kongo, naye anabaki na deni la lori. Alikusudia kurekodi sehemu ya kwanza tu, kwa majaribio, aionyeshe kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam. Kituo kikiipenda, kingenunua zote. Edina ndiye aliyepewa kuwa mke huyo. Aliacha kahawa msimu ule, akawa anakuja Tunduma kila Ijumaa na kulala kwa Mama Zawadi. Hakuwa na hakika ya malipo yoyote kabla kituo hakijakubali. Nilimuuliza siku moja kwa nini amekubali kazi ya namna hiyo. Alifikiri huku akichambua mchele, akasema, "Nimechoka kuwa wanaume."

Kuna mazungumzo niliyoyasikia mwaka ule ambayo yangetosha kunizuia, kama ningekuwa mtu wa kusikia. Nilikuwa upande huu wa pazia nikisafisha kichwa cha deki ya video, wao upande ule wanamenya viazi. Edina alimuuliza Mama Zawadi, ambaye alikuwa mjane, siku alipoletewa habari ya kifo cha mumewe alifanya nini kwanza.

"Nilitoa kabati," akasema Mama Zawadi.

"Kabati lipi?"

"Lile la vyombo. Lilikuwa limejaa sebule. Nililisukuma peke yangu mpaka nje, na siku zote lilikuwa linabebwa na wanaume watatu. Wifi yangu akasema, tazama, huyu alikuwa anangoja afe."

"Hukulia?"

"Nililia, mwanangu. Watu walikuwa wameshaondoka. Nasonga ugali, nikautazama, nikaona nimesonga wa watu wawili."

Wote wawili walicheka, na kisu cha mmoja wao kikaendelea kumenya. Mimi niliyasikia hayo kama mtu anavyosikia bei ya kitu asichokusudia kukinunua.

Mgeni wa kituo alikuja Jumamosi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye vumbi la safari kwenye viatu, na alitaka jambo moja tu: aitazame ile sehemu pamoja na watazamaji wa kawaida, awaone wanavyoipokea. Mama Zawadi alifungua kibanda bila kiingilio, na mabenchi yote yakajaa. Edina alikaa benchi la mbele kabisa, amevaa gauni la kanisani. Mimi sikuwa na kazi siku hiyo, kwa kuwa tamthilia ilikuwa ya Kiswahili. Niliombwa tu nimkaribishe mgeni kwa kipaza sauti. Nilimkaribisha, nikakaa kwenye kiti changu, na kipaza sauti nikabaki nacho mkononi, kimewashwa. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikiacha kimewashwa kwa kusahau. Sidhani. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye kiti kile bila kuwa mtu muhimu.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Watu waliwatambua jirani zao barabarani, wakaona maduka yao, wakacheka. Kisha ikaja habari ya kifo. Utingo wa lori anaingia ndani kwa mke wa dereva, amevua kofia, anasema mzee amefariki njiani. Edina anamtazama. Anasema, "Asante, mwanangu. Umekula?" Kisha anainua kiti, anakipeleka nje. Anarudi, anachukua stuli. Anarudi, anakunja kitambaa cha meza taratibu pembe kwa pembe, anaibeba meza. Kamera haisogei, muziki hakuna, na yeye anaingia na kutoka mpaka chumba kinabaki kitupu, naye amesimama katikati yake. Kipande hicho nakisimulia leo kwa utulivu, lakini siku ile sikuweza kukitazama. Niliona mdomo uliofungwa na pengo lisilo na maneno, na nikahisi kama nimezembea kazini.

Watazamaji nao walianza kujigeuzageuza kwenye mabenchi. Mpundu, mbadilisha fedha aliyekuwa na asili ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na ambaye hakosi neno, alisema kwa sauti, "Bamayo, mama yangu, huyu kafiwa au anahama?" Kibanda kikacheka. Utingo mmoja wa kutoka Dar, aliyekuwa amekwama mpakani siku ya tano, akapaza sauti kutoka nyuma: "DJ, mlilie basi! Dada kashindwa, mlilie!" Wengine wakadakia. Na mimi nikanyanyua kipaza sauti nikamlilia. Nilitoa kilio changu kizuri kuliko vyote, kile cha mama aliyefiwa, nikaweka na maneno: mume wangu, umeniacha na nani, lori lako nitalipeleka wapi. Vicheko vilikoma. Nyuma mwanamke mmoja akaanza kupenga kamasi. Nililia mpaka picha ile ilipokwisha, na nilipogeuka nikaona mgeni haitazami televisheni. Alikuwa anawatazama watu.

Tamthilia ilipomalizika blanketi la dirisha likafunuliwa, na mgeni akauliza walivyomwona mwigizaji mkuu. Mpundu hakusubiri.

"Mimi nisamehewe, mgeni. Mume kafia Kongo, mwanamke anahamisha stuli. Nilidhani mwenye nyumba amewatimua."

"Wewe umefiwa na nani wewe?" Huyo alikuwa Mama Neema, muuza mchele. "Kutwa uko mpakani unahesabu kwacha za watu. Mimi nilipofiwa nilifagia uwanja mpaka wakaninyang'anya ufagio."

"Sasa mama," akasema yule utingo, "hayo si maisha? Sisi tumekuja kuona sinema. Kama ni hivyo ningebaki nyumbani nimwangalie mama yangu akifagia."

"Ungemwangalia mama yako hata siku moja usingekuwa hivyo ulivyo."

Watu walicheka sana, na utingo mwenyewe akacheka. Mzee mmoja wa Itaka, aliyekuja kuuza mahindi, akasema yeye amemwamini yule dada pale alipouliza umekula, kwa sababu mwenye nyumba haachi kuuliza. Mama Neema akasema hata yeye ni hapo hapo alipoguswa.

"Hukuguswa hapo," Mpundu akamkatiza. "Uliguswa na Yona. Nilikuona. Kabla Yona hajalia ulikuwa unatafuta chenji kwenye kanga."

Mama Neema alifunga upya fundo la kanga. "Nililia, kweli," akasema. "Sijui kati yao nililia na nani."

Ndipo mgeni akanigeukia. Alisema mimi nimeona waigizaji wengi kuliko wote waliomo, je, mimi nasemaje. Hapo ningeweza kusema kwamba nimetania tu. Badala yake nilisimama. Nilikuwa nimesoma makala moja ya gazeti kuhusu uigizaji, na nilikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuulizwa. Nikasema mwigizaji mkuu ndiye anayembeba mtazamaji, na akinyamaza mtazamaji anaanguka. Nikasema dada Edina ana umbo zuri na mwendo mzuri, ila hana kilio, na kilio ndicho mtihani wa mwigizaji. Nilisema hivyo nikimaanisha. Kama ningekuwa nimesema kwa husuda, ningejua jinsi ya kutubu. Lakini nilikuwa mkweli, nilikuwa na hakika, na nilikuwa sijui kitu.

Mgeni akamuuliza Edina mwenyewe kwa nini halii. Edina hakusimama. Akasema, "Watu wanakuja, hawana pa kukaa." Wachache walitikisa kichwa kukubali. Wengine walisubiri aendelee, naye hakuendelea.

Mgeni alimchukua Festo nje, wakasimama upande wa pili wa ukuta wangu wa mbao. Nilisikia kila neno. Alisema kazi anaichukua, atanunua zote kumi na tatu, lakini yule mama hapana, atafutwe mtu anayeweza kulia kama yule kijana wa kipaza sauti. Festo akajaribu: "Mzee, huyu ndiye niliyemwandikia." Mgeni akamjibu bila ukali, "Umekiona kibanda mwenyewe." Nilijisikia fahari. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo la kweli: fahari ilinijaa mpaka nikakaa.

Jioni ile tulikula wali na maharage, sote pamoja, nyuma ya pazia. Festo alikuwa amekwisha kumwambia. Mama Zawadi aliweka sahani ya Edina kwanza na kumtilia vipande vya nyama ambavyo sisi wengine hatukupewa. Edina alimaliza chakula chake chote, akaosha mikono, akanitazama na kusema, "Yona, una sauti nzuri." Sijawahi kuamua kama lile lilikuwa tusi. Kesho yake alirudi Mlowo. Kiwandani nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Mama Zawadi hakunisemesha wiki nzima isipokuwa mambo ya kazi, kisha asubuhi moja akinimiminia chai akasema, "Yule nilimpa mambo yangu. Wewe ukayafunika." Nilimwambia kwamba watu ndio walioniomba. Akasema, "Najua," akaondoka na birika.

Festo alimleta msichana kutoka Mbeya, akarekodi upya. Msichana alilia katika kila sehemu, na alilia vizuri. Tamthilia ilipendwa, tulipoionyesha kibandani watu walisimama mpaka mlangoni. Nilikaa kwenye kiti changu bila kazi nikaitazama yote, na kuanzia sehemu ya nne nikaanza kuchoka na kile kilio, nikiwa nakijua kila kona yake, kwa sababu kilikuwa changu. Nilimwendea Festo kumwomba anionyeshe tena ile ya Edina. Akasema haipo. Hakuwa na fedha za kanda mpya, kwa hiyo alirekodi juu ya zile zile. Kwa maana hiyo alichokifanya Edina kilionyeshwa mara moja tu duniani, na mara hiyo moja mimi nilikuwa nakipigia kelele.

Vibanda vya video vilikufa, simu zikaja. Nilijifundisha ufundi wa kompyuta, nikahamia Vwawa, nikafungua duka. Usiku na mchana nimesoma nilichoweza kuhusu filamu na maigizo, na nimekutana mara nyingi na maelezo ya thamani ya ukimya. Hayakunisaidia. Nilikuwa nimeshaisikia hoja hiyo nikiwa kijana, kutoka kwa wanawake wawili wanaomenya viazi.

Edina alikuja msibani siku ya tatu, pamoja na wanawake wa kanisa kutoka Mlowo. Nilikuwa sijamwona kwa miaka yote hiyo. Amenenepa, ananunua mahindi na maharage jumla, na mvi zimemjaa. Alinipa mkono wa pole kama walivyofanya wengine, akaenda uani kusaidia kazi. Siku ya nne, watu walipokuwa wanaaga, nilimkuta nyuma ya nyumba anasugua sufuria kwa majivu.

"Dada Edina," nikasema, "kuna siku ile kwa Mama Zawadi."

"Ulipolia." Hakuinua kichwa.

"Nilikukosesha kazi. Zilikuwa sehemu kumi na tatu. Yule msichana alilipwa elfu hamsini kila moja. Ni laki sita na nusu."

Sasa aliinua kichwa. "Hesabu hiyo umekaa nayo muda wote huu?"

"Ndiyo."

"Hizo mimi sikuzishika. Sizijui hata rangi yake." Aliendelea kusugua, kisha akasema, "Lakini mlinisema sijui kulia. Hilo lilinikera. Nililia, Yona. Siku ya kurekodi Festo aliniambia lia, nikalia, mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia wakidhani kuna msiba kweli. Festo akasema safi, tumemaliza, na kanda imekwisha. Nikamwambia hapana. Huyu mwanamke halii hapa, turudie. Akasema kanda hakuna, fedha hakuna. Basi nikatoka nikaenda dukani, nikanunua kanda kwa hela yangu iliyobaki ya kahawa. Tukarudia. Ndiyo mliyoiona."

"Na ile ya kulia?"

"Alikuwa nayo. Alitaka kumwonyesha mgeni hiyo. Nilimwomba asiionyeshe, hata kama ningeikosa kazi."

Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Wanawake wengine walikuwa wanakunja mikeka upande wa pili wa nyumba, na mtu aliita jina langu. Nikamuuliza jambo nililokuwa na haki ndogo kabisa ya kuliuliza: ile kanda ilikuwa bei gani.

Aliigeuza sufuria juu ya nyasi ili ikauke, akafuta mikono kwenye kitenge chake, na akafikiri kwa makini kama mtu asiyetaka kumdhulumu mwenye duka.

"Elfu nane," akasema.